Kamera Itoke Barazani, Ifike Kemambo

Mtu akikusanya picha mia moja zilizopigwa na vijana wetu katika mitaa ya Mji Mkongwe, akazitandika chini bila ya majina, hatadiriki kupambanua ipi ya nani. Hapa jahazi limefungua tanga na jua linazama nyuma yake. Pale mlango wa nakshi wenye misumari ya shaba. Kando yake mzee aliyevaa kofia ya viua, kikombe cha kahawa mkononi. Halafu watoto wa Forodhani, wamerukia majini, miguu iko juu. Ni picha nzuri, wala hatuna ugomvi nazo. Zimepamba kuta za mahoteli na kalenda za idara nyingi za Serikali. Ila yafaa tujiulize kwa nini mkono wa kijana wa mwaka huu haupambanuki na mkono wa yule wa miaka thelathini iliyopita.

Uchache wa vipaji hauna lawama hapa. Lawama ni ya raha. Kijana anayepiga picha Mkunazini au Malindi amezaliwa papo hapo. Wazee wa barazani wanamjua kuwa ni mwana wa fulani, na akiinyanyua kamera hapana amuulizaye jambo. Vichochoro anavijua gizani. Na mtu akikijua kichochoro gizani, hata mchana hakitazami tena, hupita tu.

Kwa sababu hiyo tunatoa rai ambayo huenda ikawashangaza baadhi ya wasomaji wetu. Vijana hao wapande boti, kisha wapande basi, waende mahali wasipojulikana na mtu, wakakae huko kwa muda wa kutosha hata waone haya, wachoke, wakosee salamu na kusahihishwa. Na mahali tunapopapendekeza ni Kemambo.

Kemambo ni kata ya Wilaya ya Tarime, mkoani Mara, katika ukanda ambao wengi huujua kwa jina la Nyamongo. Upande wa kaskazini si mbali na mpaka wa Kenya. Upande wa kusini, ng'ambo ya mto Mara, ndiko Wilaya ya Serengeti iliyobeba jina la mbuga inayojulikana dunia nzima, na watalii waiendeao mbuga hiyo ni nadra kupita Kemambo. Wenyeji wake ni Wakurya, wakulima na wafugaji. Tangu mwaka 2002 hapo pana mgodi mkubwa wa dhahabu, North Mara, ambao sasa ni wa ubia baina ya kampuni ya Barrick na Serikali yetu, yenye asilimia 16 kupitia kampuni ya Twiga. Milima ya kifusi kilichotolewa mashimoni imesimama jirani na makazi ya watu, na pembezoni mwa hayo yote wapo wachimbaji wadogo, makarasha yanayosaga mawe, na mialo ambamo dhahabu huoshwa kwa maji na kukamatwa kwa zebaki.

Tutaulizwa kwa nini tusiseme Arusha, au Bagamoyo, ambako barabara ni nzuri na kitanda kipo. Jibu letu ni kwamba huko mwenye kamera anangojewa. Kuna atakayemwuzia shanga na kuna atakayemkalia mkao wa picha. Kemambo hapana amngojeaye.

WALIOTUTANGULIA

Wala hili si jambo geni katika kazi hii. Waliotuachia sura ya zamani ya Unguja walikuwa wageni wa mji. Wagoa kina A. C. Gomes walitoka ng'ambo ya bahari na kufungua studio zao hapa tangu karne ya 19. Kule Lamu, Omar Said Bakor, aliyezaliwa 1932 na kufariki 1993, hakuanza na studio. Alianza kwa kuzunguka na kamera yake, akajifunza mwenyewe, na studio ikaja baadaye, mwanzoni mwa miaka ya 1960. Ndiyo maana picha zake zina ujanja na mzaha ambao mtu aliyefungiwa chumbani tangu siku ya kwanza asingeupata.

Kadhalika wale wapiga picha wa kivuko cha Likoni, Mombasa. Katika miaka ya 1990 walisimamisha vibanda vyao karibu na feri, wakavipamba kwa mapazia yaliyochorwa meli, ndege na majumba ya fahari, na abiria akiteremka alipigwa picha kana kwamba anasafiri kwenda Ulaya. Wengi wao walikuwa watu wa kutoka bara, wageni wa pwani, lugha yao ikichekwa. Mgeni ndiye aliyeiona feri ile kuwa ni safari. Mwenyeji aliivuka kila siku asione kitu. Ghasia za Likoni za Agosti 1997 zilipozuka dhidi ya watu wa bara, kazi ile ikawa ya hatari, na hapo wanaosifu ugeni kwa maneno matamu wakumbuke kwamba mgeni hulipa.

Na yupo Mohamed Amin, ambaye wazee wa visiwani hawana haja ya kuelezwa habari zake. Alizaliwa Nairobi mwaka 1943, akakulia Dar es Salaam, na huko ndiko alikoanza kuokota picha za mitaani angali mtoto wa shule. Mapinduzi ya Januari 1964 yalimleta kazini hapa Unguja. Mwaka 1966 alitiwa jela, kisha akaondolewa nchini. Hatumtaji kwa kuwa kila alilolifanya lilimpendeza kila mtu. Tunamtaja kwa sababu jela haikumrudisha kwenye picha za harusi. Oktoba 1984 alikuwa Korem, Ethiopia, na picha za njaa alizozitoa huko zikaifanya dunia iamke. Mwaka 1991 mlipuko wa ghala la silaha mjini Addis Ababa ukamkata mkono wa kushoto, akarudi kazini na mkono wa bandia. Alifariki Novemba 1996 katika ndege iliyotekwa na kuanguka baharini karibu na Ngazija.

Hatumwambii kijana yeyote autafute mkono wa bandia. Tunasema tu kwamba mtu huyo hangekuwa yeyote lau angelikaa pale alipozoea.

KAMERA INAVYOTAZAMWA KEMAMBO

Sasa turudi Kemambo, kwani hapo ndipo lilipo jambo lenyewe, na hapo ndipo tunapowaomba waheshimiwa watumishi wa Serikali watusikilize pamoja na vijana.

Mjini kwetu kamera ni chombo cha starehe. Katika vijiji vinavyouzunguka mgodi wa North Mara kamera ni chombo cha ardhi. Ardhi inapotwaliwa, mthamini huja na daftari na kamera. Huipiga picha nyumba na mwenye nyumba, na picha hiyo ikaingia katika jalada la fidia. Nyumba isiyopigwa picha ni kama haikujengwa. Kutokana na hali hiyo limezuka neno ambalo mgeni hana budi kulijifunza siku ya kwanza: tegesha. Ni nyumba inayoinuliwa haraka, au mazao yanayopandwa haraka, kwa kutarajia kwamba mthamini anakuja. Mgodi husema hizo ni hila za kujipatia fidia. Wananchi wengine nao husema wamesubiri miaka na miaka bila ya kujua lini wataondoshwa, na mtu hawezi kukaa na ardhi yake bila ya kuitumia. Sisi hatuamui kesi hiyo hapa. Tunamwambia mpiga picha kwamba akinyanyua kamera mbele ya kibanda cha bati jipya, kwa sababu tu rangi ya bati na udongo mwekundu vimempendeza, mwenye kibanda haoni rangi. Anaona jalada.

Kuna na kamera za walinzi. Kuna kamera za waandishi na za watetezi wa haki za binadamu, waliofika tangu matukio makubwa yalipoanza kutokea. Mwaka 2009 maji machafu ya mgodi yalivuja yakaingia mto Tigithe, na picha za wakazi wenye vidonda zikasambaa, upande mmoja ukisema hili na mwingine lile. Mei 2011 watu watano waliuawa kwa risasi za polisi katika tukio la uvamizi mgodini. Baada ya mambo kama hayo kila mwenye lenzi huulizwa yuko upande gani. Mthamini ana barua, mlinzi ana sare, mwandishi ana kitambulisho. Hata yule bwana wa picha za pasipoti ana pazia lake la buluu na bei yake inajulikana. Mpiga picha wa mitaani hana lolote katika hayo. Akiulizwa, "Mura, unatafuta nini hapa?" jibu lake la kweli ni kwamba bado hajui.

Jibu hilo ni gumu kulitamka, na katika ugumu huo ndimo mna shule. Barazani kwao kijana hakupata hata mara moja kuulizwa kwa nini anapiga picha. Alikuwa akipiga kwa kuwa mwanga ni mzuri. Kemambo atalazimika kutafuta sababu, na ataitafuta mbele ya watu wanaomtazama bila ya kutabasamu. Siku tatu za mwanzo huenda asifungue mfuko wa kamera. Na zisiwe siku za hasara. Asaini kitabu cha wageni kwa mtendaji wa kijiji, amwone mwenyekiti wa kitongoji, awasalimu wazee kwanza kabla ya vijana wenzake, akae kwenye benchi la muuza chai. Atakula ugali wa mtama na muhogo, na siku moja atakaribishwa nyama choma pamoja na kichuri, uchungu wake ukimtoa machozi mtu aliyelelewa kwa urojo na pilau. Wenyeji watacheka. Aliyechekwa kwa mapenzi ameshapokewa nusu.

Zipo habari zinazofanana na hizi kutoka mbali. Mbrazili Sebastião Salgado, aliyefariki mwaka 2025, alikuwa msomi wa uchumi kabla ya kushika kamera. Mwaka 1986 aliingia Serra Pelada, shimo kubwa la dhahabu nchini kwao, ambamo maelfu ya watu walikuwa wakipanda na kushuka ngazi na magunia ya udongo mgongoni. Wachimbaji walimpokea kwa uhasama, wakidhani ni mtu wa kampuni. Yeye mwenyewe alisimulia kwamba waliacha kumshuku pale askari alipomkamata mbele yao, kwa kuwa hapo waliona wazi kwamba hakuletwa na wakubwa. Akakaa nao kwa wiki kadhaa. Picha zile za rangi nyeusi na nyeupe zilizunguka dunia nzima, na mtu akiziangalia haraka atafahamu kwamba mpigaji alikuwa mle mle ngazini, udongo ukimwangukia.

Hapa tuseme neno moja la ufundi, kwani vijana wetu hupenda kubishana juu ya vyombo. Anayeogopa watu hununua lenzi ndefu, akajificha upande wa pili wa barabara akavuta sura za watu kama mvuvi avutaye samaki. Sura hupatikana, lakini mtu huwa hayumo. Anayekwenda Kemambo na aiache lenzi hiyo nyumbani. Achukue lenzi fupi, ambayo haitoi picha ya maana mpaka usimame hatua mbili kutoka kwa mwenzio, mahali ambapo anakuona, anakusikia, na anaweza kukuambia usimpige. Hiyo ndiyo adhabu ya lenzi fupi na ndiyo heri yake. Hata simu ya mkononi, ambayo sasa kila mtu anayo, kwa jambo hili inafundisha vizuri kuliko mitambo ya bei kubwa.

WAJIBU WA ANAYETAZAMA

Kuna hatari ambayo hatuwezi kuinyamazia. Maneno ya kujikuza kwa kuvumilia tabu yanaweza kugeuka majivuno. Kijana wa kisiwani atalala siku kumi katika nyumba ya wageni isiyo na maji, arejee Unguja na picha za kinamama wanaoponda mawe juani, aziweke ukutani na kusifiwa kwa ujasiri. Tabu yake ilikuwa na tarehe ya kwisha. Ya wale kinamama haina. Kemambo si uwanja wa mazoezi ya mtu.

Na sisi watu wa visiwani tunapaswa kuwa wa kwanza kulifahamu hilo, kwa kuwa tumepigwa picha mno. Ni nani kati yetu ambaye hajamwona mama yake akivuta ukaya usoni kwa sababu mgeni asiyetoa salamu ameelekeza kamera mlangoni? Ni mara ngapi tumelalamika katika kurasa kama hizi juu ya watu wanaowapiga picha watoto wetu na kuondoka nazo? Akiteremka basi Tarime, kijana wetu ndiye mgeni huyo. Ndiye mtalii. Ile hasira aliyoiona kwa mama yake ataikuta kwa mama wa mtu mwingine, na safari hii itamwelekea yeye. Twaamini hakuna somo la upigaji picha linaloweza kushinda hilo. Chuoni tulifundishwa kwamba watu kufanywa makabila mbalimbali kuna sababu, nayo ni kujuana. Kutazamana peke yake hakukutajwa.

Kisha kuna hatari iliyo nzito zaidi. Mtu anayeokota mawe penye kifusi pasipo ruhusa anahesabiwa kuwa mvamizi. Uso wake katika picha ni ushahidi. Picha ambayo Unguja itasifiwa kwa mwanga wake, Tarime yaweza kumfikisha mtu mahakamani, au kumrudisha mtoto kwa baba aliyemkimbia, au kumpa jirani mwenye kisa neno la kusema. Kwa hiyo anayekwenda huko ajizuie. Asiwafuate watu usiku kwenye mipaka ya mgodi, asisogelee kingo za mashimo, asiuze uso wa mtu asiyejua unakwenda wapi. Msimu wa jando nao una vishawishi vyake, ngoma na maandamano barabarani. Ngoma na apige. Ukeketaji wa mabinti ni kosa la jinai, na mbele ya kosa la namna hiyo kazi ya kwanza ya raia ni kutoa taarifa.

Mwenye kukaa atapata vitu visivyo na hatari na visivyokwisha. Siku ya gulio, ng'ombe wakiingia na vumbi. Fundi baiskeli aliyetandaza vyombo chini ya mti. Wanafunzi wanaotoka shule wakati lori la mgodi linapita. Bibi anayejua kulipiga litungu kuliko mjukuu wake, kama atampata. Na kabla ya kurudi ndani ya boti, azisafishe picha mjini Tarime au Musoma, arudi nazo kijijini na kumpa kila mtu yake mkononi. Picha zitakazokataliwa na wenyewe asizitoe popote. Pengine atarejea na ishirini tu kati ya elfu mbili.

Neno letu kwa watumishi wa Serikali ni fupi. Sheria zinazokataza kupiga picha sehemu nyeti zipo, nasi tunaziunga mkono. Tangu Mei 2023 ipo pia Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na ni vyema ikasomwa na wapiga picha wenyewe. Lakini soko si sehemu nyeti. Barabara ya kijiji si sehemu nyeti. Mara nyingi mtumishi wa chini humzuia mwenye kamera kwa kuhofia lawama, bila ya kifungu chochote, maana anayezuia hakuna aliyewahi kumwuliza, na anayeruhusu huulizwa. Mipaka ya mgodi iwekewe mabango yanayosomeka kwa Kiswahili, yaonyeshe marufuku inaanzia wapi na inaishia wapi. Halmashauri nazo ziwape watendaji wa kata maelekezo ya maandishi, ili kijana mwenye barua ya utambulisho kutoka shehia yake asilale kituoni kwa kosa la kupiga picha gulio.

Na watumishi hao hao waombwe kuvumilia tabu yao, ambayo ni kutazama. Mtu aliye ofisini Dodoma, Vuga au Musoma ameshasoma taarifa nyingi za Nyamongo, zenye majedwali. Mwanamke aliyesimama hatua mbili kutoka kwenye lenzi, akiwa ameridhia kupigwa picha na anamtazama mtazamaji machoni, hawezi kuwekwa katika jedwali.

Mabasi ya Tarime na Sirari huondoka Dar es Salaam alfajiri, na safari humaliza mchana wote na sehemu ya usiku. Anayekwenda abebe sweta, maana asubuhi za huko zina ubaridi asiouzoea mtu wa pwani. Atakayerejea na picha zake na alete ofisini kwetu tuzitazame pamoja, kila moja ikiwa na jina la kijiji na tarehe nyuma yake, na idhini ya mwenye sura.